Mimbari si kipaza sauti cha wizara

Katika mlipuko wa Ebola uliozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya mwishoni mwa 2013 na 2016, watu zaidi ya 28,600 waliugua na zaidi ya 11,300 wakafariki. Mapema kabisa wataalamu walijua kwamba mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza vibaya sana, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likakadiria kuwa angalau 20% ya maambukizi mapya yalipatikana mazishini, watu wakiosha maiti, wakiishika na kuiaga. Jibu la kwanza la serikali lilikuwa la kitabibu tupu. Watu waliojifunika gubigubi walifika, wakautia mwili kwenye mfuko, wakaondoka nao, na mara nyingi ndugu hawakujua umezikwa wapi. Jijini Monrovia, Liberia, serikali iliamuru maiti zichomwe moto. Watu wakafanya kile ambacho jamii yoyote inayoheshimu wafu wake ingefanya: wakaficha wagonjwa na kuzika usiku. Ndipo Novemba 2014 WHO ilipotoa mwongozo mpya wa mazishi, uliotungwa kwa kushauriana na taasisi za Kikristo na za Kiislamu, zikiwamo Baraza la Makanisa Duniani, Caritas na Islamic Relief. Mwongozo huo uliruhusu maiti ya Mwislamu ifanyiwe tayamamu (kutwaharishwa kwa udongo safi) badala ya kuoshwa kwa maji, sanda nyeupe itumike, familia ishuhudie kwa umbali ulio salama, sala isaliwe na kaburi liwe na jina. Hakuna bingwa wa virusi ambaye angelifikiria tayamamu. Ilihitaji mtu anayejua fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, tena awe amekaa mezani pamoja na mtu anayejua virusi.

Nimeanza na jeneza na kuiacha sindano makusudi, kwa sababu mjadala wetu kuhusu dini na chanjo huanzia mwisho. Chanjo imeshafika bohari, mabango yameshachapwa, ndipo mashehe, wachungaji na maaskofu wanaitwa ukumbini, wanapewa chai, nauli na karatasi yenye ujumbe wa kwenda kuusoma Ijumaa na Jumapili. Waumini huusikiliza kwa adabu, huitikia amina, kisha hurudi nyumbani bila kuchanja, nasi tunabaki kushangaa. Hakuna la kushangaza. Kiongozi wa dini ana uzito wakati wa janga pale anapotumia mamlaka aliyoyapata mwenyewe kwa kuzika, kufariji, kuuguza na kusuluhisha, na pale anapoitwa mapema kushauri namna jambo litakavyofanyika. Akigeuzwa kipaza sauti cha wizara ya afya anapoteza hayo mamlaka, na wizara nayo haipati ilichokitaka.

Ushahidi mkali zaidi wa jambo hili umetoka kwa majirani zetu wanaozungumza Kiswahili. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini, Kongo, Agosti 2018, dunia kwa mara ya kwanza ilikuwa na chanjo ya kukabili mlipuko mkubwa namna hiyo. Chanjo ilifanya kazi, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo, ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili kuzimwa, ukiacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Mwezi mmoja tu baada ya mlipuko kutangazwa, watafiti walikuwa wamewahoji watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo. Robo yao walisema Ebola haipo, na ni chini ya theluthi moja tu walioamini kwamba viongozi wa serikali wa eneo lao wanatetea masilahi yao. Waliopungukiwa imani hiyo ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo. Tukumbuke watu hawa walikuwa nani. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa na waasi tangu 2014, serikali haikuwalinda, kisha Desemba 2018 uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa kuwa ni Ebola na usalama. Mtu aliyepoteza ndugu kwa panga, akiona misafara ya magari mapya yakija kwa ajili ya ugonjwa ambao hajauona, ana haki ya kuuliza magari hayo yalikuwa wapi jana. Kipeperushi chenye picha ya virusi hakijibu swali hilo. Anayeweza walau kulisikiliza ni yule aliyekuwapo jana, na katika vijiji vingi vya mashariki ya Kongo waliokuwapo jana ni padri, mchungaji na imamu.

Tanzania nayo ina somo lake, na si rahisi kulisoma. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa 16 Machi 2020. Shule zikafungwa, nyumba za ibada zikaachwa wazi, na katikati ya Aprili Rais John Magufuli akaliita taifa katika siku tatu za maombi. Mapema Mei takwimu zilisimama zikisoma wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni ikatangazwa kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa. Kwa muda ule serikali ilizungumza lugha ya madhabahu kuliko madhabahu yenyewe. Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, lilitoa waraka wa kutahadharisha kuhusu wimbi jipya la maambukizi, na wakuu wa Kanisa la Kilutheri nao wakawahimiza waumini wachukue tahadhari. Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa TEC, Padri Charles Kitima, akasema kwamba mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki ndani ya miezi miwili, baada ya kupata shida ya kupumua. Kanisa liliwahesabu wafu wake wakati taifa halikuwa likihesabu. Sauti hiyo ilisikika kwa sababu haikuazimwa kwa mtu. Msemaji hakuwa akirudia tamko la wizara. Alikuwa akisoma daftari la misiba ya nyumbani kwake.

Mambo yaligeuka baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka. Shehena ya kwanza ya dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson iliwasili Julai 2021, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais akachanjwa hadharani. Hapo ndipo tulipoona upande wa pili wa mimbari. Askofu Josephat Gwajima, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kawe, aliishambulia chanjo kanisani kwake, akaitwa mbele ya kamati ya Bunge, na Bunge likamsimamisha kuhudhuria mikutano miwili. Sidhani kama adhabu ilimbadilisha mfuasi wake hata mmoja, wala kama ilikusudiwa kufanya hivyo. Mwanzoni mwa 2022 Tanzania bado ilikuwa katika kundi la nchi ambazo chini ya 10% ya watu wake walikuwa wamekamilisha chanjo. Kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya nusu ya walengwa walikuwa wamechanja. Haitakuwa haki kuwapa viongozi wa dini sifa yote ya mabadiliko hayo: chanjo iliyotumika zaidi ilikuwa ya dozi moja, na wahudumu waliacha kusubiri watu vituoni wakaanza kwenda sokoni, minadani na nyumba kwa nyumba. Lakini kwenda nyumba kwa nyumba kulihitaji mlango ufunguliwe. Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa, imamu na kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo walipofanya kazi ambayo tangazo la redio haliwezi kuifanya.

Msomaji makini atasema: ikiwa mimbari inaweza kupotosha namna hiyo, kwa nini tuitegemee? Si bora dini zikae pembeni, wataalamu wafanye kazi? Mfano wa kuogofya zaidi wa hofu hiyo ni Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 viongozi wa dini na wa kisiasa walidai chanjo ya polio imetiwa dawa ya kufunga uzazi, na jimbo likaisimamisha kwa karibu mwaka mzima. Virusi vikatoka Nigeria vikaingia nchi nyingi za Afrika, vikavuka hadi Yemen na Indonesia ambako polio ilikuwa imeshasahaulika. Madhara yalikuwa makubwa na hayana utetezi. Ila wanaoisimulia Kano huacha sura ya kwanza ya kisa. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa iitwayo Trovan kwa watoto wa Kano hiyohiyo. Watoto 11 kati ya 200 walioshiriki walifariki, familia zikadai hazikuelezwa kwamba hilo ni jaribio, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri la serikali ya jimbo. Tuhuma ya 2003 ilikuwa ya uongo, lakini ilipandwa kwenye udongo uliokwisha kulimwa.

Na tazama ilivyomalizika. Hakuna aliyewashinda viongozi wa Kano kwa kuwaita wajinga. Chanjo ilipimwa, na ikakubaliwa itumike ile iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, ambayo wazee wa Kano waliiamini. Baadaye Sultani wa Sokoto na machifu wa kaskazini waliunda kamati yao wenyewe ya kupambana na polio. Wakafuatilia vijiji vilivyokataa chanjo, wakazungumza na mababa mmoja mmoja, wakachanja watoto wao mbele ya watu. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, na Nigeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho. Mimbari zilezile zilizofunga mlango zilisaidia kuufungua. Anayetaka dini zikae pembeni hana budi atueleze ni nani mwingine angeufungua.

Kutoka Kano kuna jambo la kiutendaji ambalo hatujalishika Afrika Mashariki: mashaka ya kiongozi wa dini yapatiwe mahali pa kwenda kabla hayajapanda mimbarini. Kenya iliona gharama ya kukosa mahali hapo. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa umri wa kuzaa ina homoni ya kuzuia mimba. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha, pande mbili zikatoa majibu ya maabara yasiyopatana, na mwaka uliofuata maaskofu wakawataka waumini waikwepe kampeni ya polio. Naamini maaskofu walikosea kuipeleka tuhuma kwa umma kabla haijapita mikononi mwa wachunguzi waliokubaliwa na pande zote. Lakini wachunguzi hao hawakuwapo. Hapakuwa na makubaliano ya mapema kuhusu nani anachukua sampuli, nani anashuhudia chupa ikifunguliwa, maabara gani inapima. Ajabu ni kwamba Kanisa hilohilo linaendesha mamia ya vituo vya afya nchini Kenya, na chanjo za watoto hutolewa humo kila wiki. Miaka michache baadaye, Machi 2021, chama cha madaktari Wakatoliki kilipoipinga chanjo ya korona, maaskofu walijitenga nacho wakasema kuchanja ni halali. Kwa hiyo tusiwagawanye viongozi wa dini katika makundi mawili ya kudumu, rafiki wa chanjo na adui wa chanjo. Mtu yuleyule anaweza kuwa huku leo na kule kesho, kutegemea alivyoshirikishwa.

Kuna pingamizi la ndani zaidi, nalo halitoki kwa wataalamu bali kwa waumini wenyewe: imani inatosha, na anayekimbilia sindano amemtilia Mungu shaka. Ni pingamizi la heshima, na lisijibiwe kwa dharau. Katika Uislamu lilishajibiwa zamani. Tauni ya Amwas ilipoikumba Sham (eneo la Syria) katika karne ya saba, Khalifa Umar aliamua kurudi na watu wake badala ya kuingia. Kamanda wake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akajibu kwa maana ya kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine. Mafundisho ya Mtume yanayojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, kwamba usiingie penye tauni wala usitoke ikikukuta humo, ni karantini kabla ya hilo neno kuwapo. Wakristo nao wana historia ndefu ya kuuguza wagonjwa wa tauni badala ya kuwakimbia. Lakini historia hiyo ina funzo chungu ambalo mahubiri hulikwepa. Ebola ilipojulikana mara ya kwanza, huko Yambuku, Kongo, mwaka 1976, kitovu chake kilikuwa hospitali ya misheni. Masista walijitolea kwa moyo safi, wagonjwa walikuja kwa wingi kwa sababu waliwaamini, na sindano tano zilizogawiwa wauguzi kila asubuhi zilitumika kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa inavyopasa. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki, masista wenyewe wakiwamo. Upendo ule haukuwa na kasoro. Ulikosa sindano safi na elimu ya kwa nini ziwe safi. Kwa hiyo anayesema imani bila maarifa inatosha hana budi aitazame Yambuku, na anayesema maarifa yanatosha bila imani ya watu aitazame Beni.

Swali la halali na haramu nalo halifai kurukwa. Muumini anapouliza ndani ya chupa mna nini, hiyo ni sehemu ya dini yake, na jibu la kumwambia atulie asiulize huzaa uvumi. Indonesia ililiona hili mwaka 2018, pale Baraza la Maulamaa lilipotoa fatwa kwamba chanjo ya surua na rubela ina kiambato cha nguruwe, ila inaruhusiwa kwa dharura kwa kuwa mbadala haupo. Watu wengi walisikia sehemu ya kwanza ya fatwa wakaacha ya pili, na uchanjaji nje ya kisiwa cha Java ukadorora. Korona ilipokuja, serikali ilijifunza: maulamaa walishirikishwa kabla chanjo haijaanza kutolewa, na Januari 2021 walishatangaza kuwa ile ya Sinovac ni halali. Vatikani nayo, Desemba 2020, ilitoa tamko juu ya chanjo zilizohusishwa na seli zenye asili ya mimba zilizotolewa, ikaeleza kwamba pasipo na nyingine kuzitumia si dhambi, na wakati huohuo ikazihimiza kampuni zitafute njia safi. Huo ni mfano mzuri wa kusema ukweli wote. Na kwa Waislamu wa pwani yetu na Visiwani jambo hili si geni hata kidogo. Kila mwaka mahujaji huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ndege, kwa sharti la Saudia, wala hatujasikia mtu akidai Hijja yake imeharibika. Mwaka 2021 Saudia iliwaruhusu mahujaji 60,000 tu, wote wakazi wa nchi hiyo waliochanjwa korona. Ikiwa sindano ni sehemu ya safari ya kwenda Makka, inawezaje kuwa kosa katika zahanati ya kijiji?

Yote haya yanarudi kwenye huduma. Tanzania bila hospitali za dini haitambuliki: Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi ni hospitali za rufaa za kanda, Haydom, Peramiho na Ndanda zinahudumia maeneo ambayo kwa miaka mingi hayakuwa na kingine, na tangu 1992 makanisa yana tume yao ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC. Ugonjwa ambao hauna chanjo iliyoidhinishwa hutuonyesha uzito wa mtandao huu. Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, wagonjwa tisa na vifo sita, hapakuwa na sindano ya kuhubiri. Palikuwa na kutambua mgonjwa mapema, kumtenga bila kumtelekeza, kuzika kwa tahadhari na kuwalea waliobaki. Ugonjwa ulirudi Kagera mwanzoni mwa 2025. Jumuiya ya ibada inajua nani hajaonekana tangu Jumapili, nani anaishi peke yake, nani amefiwa na hana chakula cha matanga. Mkenya atakumbuka pia kwamba mwaka 2020 baraza la pamoja la dini, likiongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, ndilo lililotunga masharti ya kufungua tena nyumba za ibada: watu wasiozidi 100, saa moja, wasiwepo walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Sharti la umri liliwaumiza wazee, ambao ndio nguzo ya ibada, na binafsi naona lilihitaji kuambatana na mpango wa kuwatembelea nyumbani. Hata hivyo lilipokelewa, kwa sababu lilitoka kwa watu wao.

Linabaki onyo kwa upande wa serikali. Nchi yetu, Tanzania, haina dini rasmi, na hofu kwamba ushirikiano huu utazigeuza taasisi za dini kuwa idara za wizara si ya bure. Dawa yake ni kuacha viongozi wa dini waseme pale wizara inapokosea: dozi zikiisha kituoni, muuguzi akiwatukana wanawake, madhara ya chanjo yakifichwa badala ya kuelezwa. Kiongozi anayeruhusiwa kulalamika hadharani ndiye atakayeaminiwa akisema nendeni mkachanje. Waumini nao wasikae kusubiri mwaliko wa semina. Kamati ya msikiti, wazee wa kanisa na halmashauri ya walei wana uwezo wa kumwita mganga mkuu wa wilaya leo, kabla ya mgonjwa wa kwanza wa mlipuko ujao, wakakubaliana maiti zitazikwaje, nani atapeleka chakula kwa waliotengwa, na maswali ya watu kuhusu chanjo yatapelekwa kwa nani. Mwiteni.